Kurisiti kidato cha nne huku unafanya kazi: jinsi ya kufika Novemba bila kuachia njiani

Watahiniwa wa kujitegemea wengi huanza mwaka na moto. Ada imelipwa, madaftari mapya yamenunuliwa, ratiba imebandikwa ukutani. Kufika Mei, daftari halifunguliwi tena. Mara nyingi si uvivu. Hakuna mwalimu wa kukusahihishia, mtihani bado uko mbali, na mtu akisoma miezi minne bila kuona alama ikipanda, hamu lazima imwishie. Kwa hiyo jitengenezee alama za kuonekana. Tuchukue Hisabati, somo linaloogopwa kuliko yote.

Usianze na noti za kidato cha kwanza. Utazimaliza ukiwa umechoka na hujui umefika wapi. Chukua mtihani wa mwaka mmoja wa nyuma kwenye tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), kaa saa tatu bila kufungua kitabu, kisha usahihishe. Ukipata 18, andika 18 na tarehe kwenye karatasi ya ukutani. D inaanzia 30 na C inaanzia 45. Kutoka 18 hadi 30 unahitaji alama 12, yaani maswali mawili ya sehemu A, ambayo kila moja lina alama 6. Basi chagua mada mbili, tuseme seti na uwiano, uzikomalie mpaka zikae. Hilo ni lengo ambalo mtu aliyerudi kutoka kazini jioni anaweza kulibeba.

Siku za kazi, dakika 45 zinatosha, mara tano kwa wiki. Ratiba ya kusoma saa nne nzima kila usiku ni ya kujidanganya ukiwa umesimama dukani tangu asubuhi. Usipange tu "saa mbili usiku", kwa sababu foleni na wageni hawajui ratiba yako. Funga kusoma na jambo unalolifanya kila siku: ukishaosha sahani ya chakula cha usiku, unakaa mezani. Daftari, kalamu na swali la leo viwe vimeshawekwa hapo tangu asubuhi, na simu ibaki chumba kingine. Siku ukirudi hoi, fanya swali moja ulale. Kukosa usiku mmoja hakuna neno, ila usikose mbili mfululizo.

Kusoma kwa macho ndiko kunakoua watu. Mfano uliotatuliwa kitabuni huonekana mwepesi, unajiona umeelewa, halafu kwenye mtihani mkono unagoma. Funika jibu, andika hatua zote, ndipo ulinganishe. Ukikosa, nakili swali kwenye daftari la makosa, pembeni uandike sababu: alama ya kutoa imesahaulika, kanuni haijulikani, au swali halikueleweka. Baada ya wiki tatu utaona kosa lilelile linajirudia, na kulirekebisha hilo moja hupandisha alama haraka kuliko mada mpya.

Tafuta mtu mmoja anayerisiti pia, mtumiane picha ya swali mlilofanya kabla ya saa nne usiku. Mmoja anatosha, makundi ya watu arobaini huishia kwenye salamu na vichekesho. Msahihishiane, kwa maana mtu akijisahihisha mwenyewe hujihurumia.

Kila mwisho wa mwezi rudia mtihani mzima kwa kufuata saa. Dakika 10 kwa kila swali la sehemu A, 17 kwa kila moja la sehemu B, zinabaki 12 za kukagua.

Jiandae kwa Juni na Julai, alama zinapogota. Mada nyepesi zimekwisha, na zilizobaki, kama trigonometria, zinadai aljebra ambayo wengi waliiruka. Rudi kwenye aljebra wiki mbili, na kwa muda huo ukutani andika idadi ya maswali uliyofanya, alama ziache kwanza.

Na ukiwa umeshaacha mwezi mzima, usijaribu kulipa siku zilizopotea kwa kukesha. Hiyo hudumu siku tatu. Fungua daftari la makosa, rudia maswali matano ya mwisho, kesho yake uendelee na dakika 45 zako kama kawaida.