Namna ya Kuisikiliza Jazi ya Angani ya Herbie Hancock

Usianze na Sextant. Albamu hiyo ya 1973 ya Hancock, mpiga piano wa jazi wa Marekani, imewakimbiza wengi ambao wangeipenda kama wangeifikia kwa zamu yake. Anza na Mwandishi ya 1971, kibao cha kwanza, "Ostinato (Suite for Angela)", kilichotungwa kwa heshima ya Angela Davis, mwanaharakati wa Marekani.

Spika ya simu haifai. Haitoi besi, na hapa bila besi hakuna muziki. Tafuta hedifoni zinazofunika masikio yote.

Mimi ni mpiga besi, kwa hiyo nitakuanzishia chini. Mshike Buster Williams, mpiga besi wa kundi. Anazungusha kifungu kimoja tu cha nota, lakini ukikihesabu nne nne utaachwa njiani, kwa kuwa mzunguko una mapigo 15. Hesabu nane, kisha saba, huku ukipiga mguu sakafuni. Rudia mpaka mguu uende wenyewe, ndipo uache kuhesabu. Hatua hii usiiruke hata kidogo. Kila kinachoelea juu kinaegemea pale.

Sasa panda kwenye Fender Rhodes, piano ya umeme ya Hancock. Usisikilize nota inapopigwa, sikiliza inavyokwisha. Inapitia Echoplex, mashine ya mwangwi ya utepe, inarudi imefifia, inarudi tena. Huo upana unaodhani ni wa angani unatoka humo, na pia kwa wapigaji wanaokubali kunyamaza. Klarineti ya besi ya Bennie Maupin inaweza kutoa sauti mbili tatu, ikaacha. Napenda sana ujasiri huo.

Wapigaji wote sita wa kundi walichukua majina ya Kiswahili: Hancock ndiye Mwandishi, mpiga dramu Billy Hart ni Jabali, na Eddie Henderson wa tarumbeta, aliyekuwa pia daktari wa tiba, ni Mganga.

Upande wa pili wote wa sahani ya Mwandishi ni "Wandering Spirit Song" ya Julian Priester, mpiga tromboni. Usiutafutie kiitikio. Fuata nani anaingia na nani anajitoa.

Kisha Crossings ya 1972, ambapo Patrick Gleeson anaongeza sinthesaiza ya Moog, ala inayotengeneza sauti kwa umeme. Sikiliza "Quasar" kwanza. "Sleeping Giant" ni ndefu, itakusubiri.

Hapo ndipo Sextant inafunguka. Katika "Hidden Shadows" mapigo ni 19, nawe umeshajua pa kushika. "Hornets", ya karibu dakika 20, inataka sauti kubwa: ipige mchana, nyumba ikiwa haina mtoto aliyelala.