Pima kipima unyevu chako kwa chumvi

Kwa tunaotunza vitabu na nyaraka hapa Kigoma: kabla ya kukiamini kipima unyevu cha pale rafuni, kipime chenyewe. Jaza chumvi ya mezani kwenye kizibo cha soda (ya Uvinza inafaa kabisa), idondoshee maji kidogo hadi iwe kama mchanga mbichi wa ufukweni, isiyeyuke. Iweke pamoja na kipimo ndani ya kopo angavu lenye mfuniko unaobana, kivulini, usiku kucha. Asubuhi soma bila kufunua: inatakiwa iwe asilimia 75. Kikionyesha 69, bandika plasta mgongoni, andika "+6", na ujumlishe kila unaposoma.

Inawezekana kwa sababu chumvi iliyoloa bila kuyeyuka yote huituliza hewa iliyofungiwa kwenye 75, joto liwe nyuzi 20 au 30. Na pointi sita si kitu kidogo. Kuvu hupata nafasi kwenye karatasi unyevu ukikaa juu ya 65 hivi. Wakati wa mvua kipimo kinasema 62, unaridhika, kumbe ni 68 na majalada yaliyogusana na ukuta yanaota madoa.

Ukizidisha maji chumvi ikayeyuka yote, kopo likipitisha hewa au likipigwa na jua, jibu ni la uongo. Tena hapo umehakiki sehemu moja tu: kiangazi, unyevu ukishuka hadi 40, ile "+6" haina uhakika. Kikikosea kwa zaidi ya 10, tafuta kingine.