Jinsi ya kusoma matokeo ya urais wa Marekani, 1824: Aliyeongoza akakosa Ikulu

Uchaguzi huu naufundisha kila mwaka, na hakosekani mwanafunzi wa kuninong'oneza kwamba nimekosea kunakili ubaoni. Sijakosea. Chukua daftari na penseli.

Hatua ya 1: Waandike wagombea, ila acha safu ya chama
Wote wanne walikuwa wa chama kimoja, Democratic-Republican. Badala yake andika watokako: Andrew Jackson, jenerali wa Tennessee, John Quincy Adams wa Massachusetts, Waziri wa Mambo ya Nje, William Crawford wa Georgia, Waziri wa Fedha, aliyekuwa amepata kiharusi 1823, na Henry Clay wa Kentucky, Spika wa Baraza la Wawakilishi. Clay mpigie mstari.

Hatua ya 2: Kura za wananchi ziandike pembeni
Jackson alipata kama asilimia 41, Adams kama 31. Wengi huteleza hapa, wakadhani ni kura za nchi nzima. Kati ya majimbo 24, majimbo 6 hayakuwapigisha wananchi kura ya urais kabisa. Mabunge yao ndiyo yaliyochagua wajumbe, yaani watu wanaompigia rais kura rasmi kwa niaba ya jimbo. New York, yenye wajumbe 36, ilikuwa mojawapo. Mimi asilimia hizo nazitaja tu, sizijengei hoja.

Hatua ya 3: Jumlisha wajumbe
Jackson 99, Adams 84, Crawford 41, Clay 37. Usipopata 261, rudia hesabu. Ushindi ulitaka zaidi ya nusu, yaani 131. Jackson alipungukiwa na 32. (Umakamu haukuwa na utata: John C. Calhoun alizoa 182.)

Hatua ya 4: Badilisha kipimo
Hapa ndipo penye utamu. Kwa Marekebisho ya 12 ya Katiba, asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, watatu wa juu hupelekwa Baraza la Wawakilishi, na huko kila jimbo lina kura moja. Wabunge 34 wa New York walilingana na mbunge mmoja wa Illinois! Chora safu mpya. Ukizichanganya na zile za wajumbe umepotea.

Clay, wa nne, akatoka ulingoni, lakini kiti cha Spika bado anacho. Tarehe 9 Februari 1825, duru ya kwanza: Adams 13, Jackson 7, Crawford 4. Kumi na tatu ndiyo hasa iliyotakiwa. Sasa tazama Kentucky, Ohio na Missouri: wajumbe wao wote walimpa Clay, na barazani yote matatu yakamwendea Adams. Bunge la Kentucky lilikuwa limewaagiza wabunge wake wampe Jackson. Wengi wao hawakusikia. Yatoe majimbo hayo, Adams anabaki na 10.

Muda si mrefu Adams akamteua Clay kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, cheo walichopitia Madison, Monroe na Adams mwenyewe kabla ya urais. Wafuasi wa Jackson wakapiga kelele za mapatano ya kifisadi. Kwa maoni yangu, Clay hakuhitaji kuhongwa: tangu 1819 alikuwa amemshambulia Jackson bungeni kwa kuivamia Florida. Ila kuupokea uwaziri ule kulikuwa kujipaka tope mchana kweupe.

Hatua ya 5: Ongeza safu ya 1828
Jackson 178, Adams 83. Jumla ni ileile 261, kwa hiyo ziweke sambamba na zile za hatua ya 3.