Somo: Kabla hujanunua nyumba ya kupangisha Tabora, mpandishe mhandisi darini

Somo hili ni la anayetafuta nyumba iliyokwisha kujengwa ili aipangishe. Nyumba ya kuishi mwenyewe unaweza kuivumilia, ukaweka ndoo chini ya bati linalovuja mpaka mwakani. Mpangaji hana uvumilivu huo. Anahama, na chumba kinabaki na kufuli.

Hesabu kwanza. Tuseme nyumba ya vyumba sita pale Ipuli inauzwa milioni 45 na kila chumba kinapangishwa 40,000 kwa mwezi. Vyumba vyote vikijaa mwaka mzima unapata 2,880,000, na hapo TRA hawajachukua chao. Paa likidai milioni 3, mwaka wako wa kwanza umeliwa wote. Kwa hiyo kila kasoro ipimeni kwa miezi ya kodi itakayomeza.

Hatua ya 1: Karatasi
Hapa nitapita haraka kwa sababu suala la karatasi tulishalizungumza. Fanya upekuzi wa hati Ofisi ya Ardhi ya Mkoa, hakikisha mke au mume wa muuzaji ameridhia kwa maandishi, ulizia deni la kodi ya ardhi, la maji kwa TUWASA (mamlaka ya maji ya Tabora) na la kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU. Karatasi zikiwa na utata, usimlipe mhandisi kukagua nyumba ambayo hutainunua.

Hatua ya 2: Nani akague
Marekani wapo watu ambao kazi yao ni kukagua nyumba za watu wanaotaka kununua, na majimbo mengi huwapa leseni. Kwetu lazima uunde timu yako mwenyewe. Mtu mkuu ni mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mwombe namba yake ya usajili, asiye na longolongo hataudhika. Wa pili ni fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji.

Mthamini ni mtu mwingine kabisa. Yeye anakwambia nyumba ina thamani gani sokoni, hatambai darini kuangalia kenchi, zile mbao zinazobeba bati. Na yule fundi anayeletwa na dalali, "huyu ndiye anaijua nyumba hii vizuri", mshukuru, mpe soda, kisha tafuta wako. Dalali analipwa nyumba ikiuzwa, na fundi wake anataka kuitwa tena kesho.

Hatua ya 3: Chagua majira
Mvua zetu ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili hivi. Mwisho wa kiangazi, Septemba na Oktoba, udongo umekauka na nyufa zimefunguka: ni wakati mzuri wa kuona msingi. Mvua ikinyesha unaona paa na mifereji. Ukinunua kiangazi, omba ruhusa ya kumwagia paa maji kwa mpira kwa nusu saa huku mtu yuko ndani anaangalia dari.

Hatua ya 4: Siku yenyewe
Nenda na mhandisi wewe mwenyewe, usitume mtu. Mwambie aanze nje.

Udongo. Tabora ina maeneo ya mchanga, na ina mbuga zenye udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Nyumba iliyokaa juu yake bila msingi wa maana hupanda na kushuka kila mwaka. Ulizeni pia majirani kama palikuwa na kichuguu. Watu wengi husawazisha kichuguu na kujenga juu yake, halafu upande mmoja wa nyumba unakaa kwenye udongo wa kichuguu na mwingine kwenye mchanga, na kila upande unatitia kwa namna yake.

Nyufa. Ule ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta usikutishe, ni saruji ilikauka haraka. Wa kuogopa ni ule unaopanda ngazi kwa ngazi ukifuata viungo vya tofali, au unaoanzia kona ya dirisha ukikata ukuta mshazari. Mhandisi atapima upana wake na kuona kama ni mpana zaidi juu kuliko chini, maana hiyo humweleza upande gani wa msingi unashuka. Mkiona ukuta mmoja umepakwa rangi mpya wakati nyingine tatu zimechakaa, simameni hapo.

Mchwa. Hapa msiwe na haraka. Zungukeni nyumba nzima mkitafuta zile njia nyembamba za udongo zinazopanda ukutani kutoka chini. Angalieni nyuma ya makabati na kwenye fremu za milango, pale chini kabisa inapogusa sakafu. Mhandisi achome fremu kwa bisibisi: mbao nzima inakataa, iliyoliwa inazama. Fremu mpya za chuma kwenye nyumba ya zamani si kosa, ila muulize muuzaji za mbao zilikwenda wapi.

Darini. Pandeni saa sita mchana, taa zimezimwa. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Aguse kenchi, aangalie kama zilipakwa dawa ya mchwa, kama misumari imeota kutu, kama mbao zimepinda kwa uzito. Apime unene wa bati: la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Dari nzuri ya jipsamu huficha mengi, ndiyo maana sitaki ukaguzi unaoishia sebuleni.

Umeme na maji. Washeni kila kitu kwa pamoja, pasi na jiko la umeme vikiwemo, muone kama nyaya au soketi zinapata moto. Fundi apime waya wa ardhi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Nyumba za zamani nyingi hazina unaofanya kazi. Kwa maji, fungeni bomba zote kisha mtazame mita. Ikiendelea kuzunguka, kuna mahali panavuja, huenda ni bomba chini ya sakafu.

Choo. Funueni mfuniko wa shimo. Najua si kazi ya kupendeza. Vyumba sita vya wapangaji ni watu kumi na zaidi, na shimo lililochimbwa kwa ajili ya familia moja litajaa mapema. Angalieni pia kama gari la kunyonya majitaka linaweza kulifikia.

Hatua ya 5: Ripoti, halafu bei
Ripoti iwe ya maandishi yenye picha na makadirio ya gharama. Kasoro zigawanywe: za hatari, za kutengenezwa mwaka huu, na za urembo. Hizo za urembo zisahau. Nyingine peleka mezani, uombe bei ishuke. Mimi sikubali muuzaji aahidi kutengeneza mwenyewe, kwa sababu atatengeneza kwa rangi. Usitoe malipo ya awali kabla ya ripoti, au mkataba uandike wazi kwamba nyumba ikifeli ukaguzi pesa inarudi.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Benki wameshaleta mthamini wao, je bado nilipe mhandisi?
Marahaba mwanangu. Lipa. Benki inataka kujua ikiuza nyumba yako itarudisha mkopo wake. Haijali nani anabadilisha kenchi.

Muuzaji anasema ukaguzi ni kumdharau.
Mwambie kwa upole kwamba pesa si zako peke yako, ni za familia, na wenzako wanataka karatasi. Akikataa tena mtu kupanda darini, ushapata ripoti bila kulipa.

Niko Kigoma, nimeona nyumba Kibirizi karibu na ziwa, bei nzuri sana.
Dada, chukua futi kamba kabla ya mhandisi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na Tanganyika limepanda miaka hii, watu wameona maji sebuleni. Bei hiyo nzuri ina sababu.

Nyumba ya Ng'ambo ni ya tofali mbichi, imepigwa plasta ya saruji. Tuiache?
Si lazima. Gonga ukuta kwa kidole: ukisikia mlio wa tupu, plasta imeachia. Saruji juu ya udongo hufungia unyevu ndani, tofali zinalainika taratibu. Mhandisi abandue kipande kidogo chini, karibu na msingi, aone hali. Wengi hununua nyumba hizo kwa ajili ya kiwanja. Basi bei iwe ya kiwanja.

Mhandisi alipwe asilimia ngapi ya bei ya nyumba?
Asilipwe kwa asilimia. Patana naye kiasi kimoja kabla hajaja, pamoja na nauli, na umlipe hata akikwambia usinunue.

Nyumba ina wapangaji tayari. Si ni faida?
Ni faida, na ndio wakaguzi wako wa bure. Kaa nao bila muuzaji, uliza ndoo wanaweka wapi mvua ikinyesha. Kisha uliza kila mmoja amelipa kodi mpaka mwezi gani, uone na risiti. Wengi hulipa miezi sita au mwaka mbele, na pesa hiyo iko mfukoni kwa mwenye nyumba wa zamani. Jumlisha miezi iliyobaki, uikate kwenye bei siku ya kusaini.