Tiketi ya maegesho ya supamaketi Uingereza: kabla hujalipa

Bahasha imefika. Ndani mna picha mbili za gari lako, moja likiingia kwenye maegesho ya supamaketi na nyingine likitoka, na chini yake dai la pauni 100, au 60 ukilipa ndani ya siku 14. Usilipe leo, wala usiitupe. Angalia kwanza imetoka kwa nani.

Herufi PCN huwapoteza wengi. Ikiandikwa "Penalty Charge Notice" imetoka halmashauri na hiyo ni faini kweli, yenye taratibu zake. Ikiandikwa "Parking Charge Notice" imetoka kampuni binafsi, na hilo ni dai la mkataba: wanasema dereva alipoingia alikubali masharti ya kibao, akayavunja, sasa anadaiwa. Haiingizi pointi kwenye leseni na si kosa la jinai. Sisi wote tunaiita faini, na kampuni hazisikitiki tukiiita hivyo.

Ushauri wa "acha tu, itaisha yenyewe" bado unazunguka, na ndio unaowagharimu watu zaidi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2012, Jedwali la 4 la sheria ya Protection of Freedoms Act linaruhusu kampuni imdai mwenye gari aliyesajiliwa pale dereva asipojulikana. Kisha Novemba 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi ya ParkingEye dhidi ya Beavis, ilikubali dai la pauni 85 kwa dereva aliyepitiliza dakika 56 baada ya saa mbili za bure huko Chelmsford. Kwa hiyo hoja ya kwamba kiasi ni kikubwa mno kuliko hasara waliyopata imeshakufa. Usiipotezee hata aya moja.

Anza na duka

Njia fupi kuliko zote haipiti kwa kampuni ya maegesho. Supamaketi ndiyo iliyoiweka hapo, na meneja wake mara nyingi anaweza kuiagiza ifute dai la mteja wa kweli. Nenda na risiti. Kama imepotea, taarifa ya benki au historia ya manunuzi kwenye programu ya kadi ya pointi inatosha. Usimalize maneno yako kwa mtu wa kaunta, hana uwezo huo. Omba meneja wa zamu. Akisema haimhusu, andikia makao makuu ya supamaketi: namba ya gari, namba ya PCN, tarehe, picha ya risiti, na ombi moja tu la kufutiwa. Fanya mapema, maana dai likishafika kwa mawakili maduka mengi hunawa mikono. Na unaposubiri jibu lao, siku zako za rufaa zinaendelea kuhesabika.

Hesabu tarehe

Kama hukubandikiwa kitu kwenye kioo cha mbele na barua ndiyo taarifa ya kwanza, sheria inataka iwe imekufikia ndani ya siku 14, zikihesabiwa kuanzia kesho yake baada ya kuegesha. Barua ya posta huchukuliwa imefika siku ya pili ya kazi baada ya kutumwa. Tuseme gari liliegeshwa Jumatatu tarehe 3 Machi. Siku ya 14 ni tarehe 17. Barua iliyotumwa Alhamisi tarehe 13 inahesabika imefika Jumatatu tarehe 17, imewahi. Iliyotumwa Ijumaa tarehe 14 inahesabika Jumanne tarehe 18, imechelewa. Tunza bahasha na uandike juu yake siku uliyoipokea.

Palipobandikwa tiketi kwenye kioo, hesabu ni nyingine: barua kwa mwenye gari inapaswa kufika kati ya siku ya 29 na ya 56. Ndiyo maana wanaoujua mchezo huu hawakimbilii kukata rufaa ya tiketi ya kioo siku ya kwanza. Ukiandika siku ya 3 umewapa jina na anwani bure. Ukiandika karibu na siku ya 26 bado uko ndani ya muda, na wakizubaa kuomba taarifa zako DVLA, wakala wa serikali anayesajili magari na leseni, muda unawapita. Gharama yake ni kwamba punguzo la siku 14 utakuwa umeshaliacha.

Kampuni iliyochelewa haiwezi kumdai mwenye gari. Inabaki na dereva tu, na dereva haimjui. Hapa ndipo watu wanapojifunga wenyewe. Kwenye maegesho binafsi hakuna sheria inayokulazimisha kumtaja aliyeendesha, kwa hiyo barua yako iseme "the driver" na "the vehicle was parked" mwanzo hadi mwisho. "I parked" ni maneno mawili yanayoua hoja yote. Fomu ya mtandaoni ikikuuliza wewe ni nani, chagua "keeper", yaani mwenye gari aliyesajiliwa. Kukaa kimya si kudanganya. Kutaja dereva wa uongo ni jambo jingine kabisa, usilifanye. Na kama barua iliwahi na imeandikwa sawasawa, kumficha dereva hakutakusaidia, tafuta hoja nyingine.

Scotland na Ireland ya Kaskazini sheria hiyo ya 2012 haimfikii mwenye gari, hivyo huko kampuni inapaswa kumpata dereva mwenyewe.

Makosa ya kamera na ya mashine

Kamera husoma namba za gari getini. Haijui uliegesha wapi wala lini; inajua umeingia na umetoka. Kosa lake maarufu ni safari mbili kuhesabiwa moja: gari limekuja asubuhi, limeondoka, limerudi jioni, na kamera haikunasa kutoka kwa kwanza wala kuingia kwa pili kwa sababu kulikuwa na lori mbele au namba ilikuwa na tope. Matokeo ni "saa tisa" za maegesho. Linavunjwa na ushahidi wa ulipokuwa katikati: historia ya ramani ya simu, malipo ya kadi mahali pengine, zamu yako kazini. Usitume kitu kinachomtaja dereva bila haja.

Dakika nazo zina uzito. Kanuni za pamoja za vyama viwili vya sekta hii, BPA na IPC, zilizoanza Oktoba 2024, zinataka angalau dakika 10 za nyongeza mwishoni mwa muda ulioruhusiwa. Dai la kupitiliza dakika 7 halikupaswa kutumwa.

Palipo na skrini ya kuandika namba ya gari, kosa dogo kama O badala ya 0 linapaswa kufutwa kabisa. Ukikosea zaidi ya hapo, kwa mfano ukaandika namba ya gari lako jingine, kanuni hizohizo zinataka dai lishushwe hadi pauni 20.

Ulemavu na ujauzito vitaje waziwazi. Aliyehitaji muda zaidi kwa sababu hizo anaweza kuegemea sheria ya usawa, Equality Act ya 2010, na hapo meneja wa duka husikiliza haraka kuliko kampuni.

Rudi pia ukapige picha za vibao, kwa saa ileile ya siku. Kibao kilichofunikwa na matawi, au kisichosomeka usiku kwa kukosa taa, ni hoja nzuri. Picha iliyopigwa mchana kwa tukio la saa mbili usiku haisemi kitu.

Rufaa

Una siku 28 za kuandika kwa kampuni. Andika kifupi, kama mwenye gari, na uhifadhi picha ya skrini ya uthibitisho. Wengi hukataliwa hapa kwa barua inayofanana na ya kila mtu mwingine, kwa hiyo usikate tamaa. Ukikataliwa, na ikiwa kampuni ni mwanachama wa BPA, utapewa namba ya kukata rufaa kwa POPLA, chombo huru cha rufaa, na siku 28 nyingine. POPLA ni bure, na uamuzi wake unaibana kampuni lakini haukubani wewe. Hoja za huruma, foleni ndefu ama mtoto kulia, haziendi mbali pale. Zinazokwenda ni barua iliyochelewa, vibao vibovu, kutothibitishwa kwa dereva, na kuitaka kampuni ionyeshe mkataba wake na mwenye ardhi. Wanachama wa IPC wana chombo chao, IAS. Sifa yake kwa wenye magari ni hafifu, na kushindwa huko si mwisho wa njia.

Barua za madeni na barua za mahakama

Baadaye dai hupanda hadi pauni 170, kwa nyongeza ya hadi 70 ya wakusanya madeni. Hawa si madalali wa mahakama. Hawawezi kuchukua mali wala kuharibu rekodi yako ya mikopo, na hakuna haja ya kubishana nao.

Barua yenye kichwa "Letter of Claim" au "Letter Before Claim", yaani onyo la mwisho kabla ya kushtakiwa, ni kitu kingine. Una siku 30 za kujibu, na ujibu kwa kulikana deni na sababu zake. Ikifuata fomu ya madai kutoka Civil National Business Centre, ofisi ya mahakama iliyoko Northampton, hesabu tarehe iliyotolewa, ongeza siku 5 za kufikishwa, kisha ndani ya siku 14 thibitisha mtandaoni kuwa umeipokea. Hilo linakupa hadi siku 28 tangu kufikishwa kuweka utetezi. Ukikaa kimya hukumu hutolewa bila wewe, na hukaa kwenye rekodi yako miaka 6 usipoilipa yote ndani ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba na benki wataiona.

Waliohama ndio wanaonaswa hapa zaidi. Kampuni huchukua anwani DVLA, na anwani ya leseni na ile ya hati ya gari, V5C, hubadilishwa kila moja kivyake. Ukibadilisha leseni tu, barua zote zitaendelea kwenda nyumba ya zamani. Ukihama dai likiwa tayari limeanza, iandikie kampuni anwani mpya moja kwa moja, maana haitarudi kuuliza DVLA. Na kama hukumu imeshatolewa kwenye anwani uliyohama, omba itenguliwe kwa fomu N244 mara tu unapoigundua, ukiambatisha ushahidi wa tarehe uliyohama. Kila wiki unayochelewa ni swali ambalo jaji atakuuliza.