Somo: Kutambua sura tano za mpangilio wa namba wiano

Sura ni kile kinachobaki cha mpangilio ukisahau sehemu yake, ukiusahau wote, au usiposahau chochote. Tunaanza na namba wiano, yaani zinazoandikika kwa sehemu, na alama ya <.

Hatua ya 1. Hakikisha seti yako inahesabika (vipengele vyake vyaweza kupewa namba 1, 2, 3 na kuendelea bila kikomo), haina ya kwanza wala ya mwisho, na kati ya mbili zozote ipo nyingine. Mwanahisabati Cantor alithibitisha mwaka 1895 kuwa seti zote za namna hiyo zina mpangilio mmoja. Kuoanisha seti mbili za namna hiyo, A na B, nenda kwa zamu: toa kipengele cha A umtafutie mwenza katika B, kisha anzia B urudi A. Ukienda upande mmoja tu bila uangalifu, baadhi ya B watabaki bila wenza.

Hatua ya 2. Sahau sehemu ya mpangilio. Usa River iko kati ya Arusha na Moshi, uwe unakwenda au unarudi: huo ni uhusiano wa "kati". Ukiunganisha ncha za mstari unapata mzunguko. Mzunguko usiojali upande ni utengano: jozi ipi inaitenganisha jozi ipi. Ukisahau vyote, inabaki seti isiyo na mpangilio. Pamoja na < ni tano. Mwanahisabati Cameron alionyesha mwaka 1976 kwamba ya sita haipo.

Angalizo: mzunguko haubadiliki ukihamisha kipande cha juu kiwe chini. Ukifanya hivyo, kata penye √2, si penye 0. Ukikata penye 0, sifuri itakuwa ya kwanza au ya mwisho, na Hatua ya 1 imevunjika.

Hatua ya 3. Kipimo chenyewe. Panga nukta nne tofauti kwa njia zote 24, uhesabu mafungu ambayo ulinganifu (kuhamisha namba bila kuvunja uhusiano wa sura hiyo) hauyachanganyi: < 24, kati 12, mzunguko 6, utengano 3, seti 1. Wengi huishia nukta tatu, wanapata 6, 3, 2, 1, 1, halafu wanashangaa utengano umepotelea wapi.

MASWALI

Mwanachama, Moshi: Shikamoo mwalimu. Hatua ya 1 inafaa kwa namba halisi?
Jibu: Marahaba. Haifai, hazihesabiki. Ondoa 0 kwenye namba halisi: bado zimesongamana (kati ya mbili zozote ipo nyingine), hazina ncha, wingi ni uleule, lakini pana pengo, kwa hiyo mpangilio si uleule.

Mwanachama, Arusha: Nikiweka alama kwenye 0 isisogee, sura zinabaki tano?
Jibu: Zinafika 116. Wanahisabati Junker na Ziegler walizihesabu mwaka 2008. Hizo usijaribu kuzimaliza ubaoni.