Majina ya Vituo Ndiyo Ramani: Namna ya Kuijua Dar es Salaam Usiyoijua

Kila siku makonda wa daladala huita "Makumbusho, Makumbusho!", na abiria hushuka kwa mkupuo, wakavuka barabara na kupanda gari jingine la kwenda Tegeta, Kawe au Posta. Mimi mwenyewe nilishuka katika kituo hicho kwa miaka mitatu mfululizo, asubuhi na jioni, bila kujiuliza hata mara moja makumbusho yenyewe yako wapi. Yapo pale pale kando ya Barabara ya Bagamoyo: ni Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa katika miaka ya 1960, ambamo zimejengwa nyumba za jadi za makabila mbalimbali ya Tanzania kwa ukubwa wake halisi.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kuijua Dar es Salaam ni kwamba asianze na orodha ya hoteli na fukwe, bali aanze na majina ya vituo anavyovipita kila siku. Jiji hili limezoea kuviita vituo kwa kilichopo, au kwa kilichokuwapo zamani, na jina linaweza kubaki muda mrefu baada ya watu kusahau asili yake. Chukua daftari, andika majina matano yaliyo kwenye njia yako ya kazini, kisha tenga siku moja ya mapumziko kwa kila jina.

Anza na hilo hilo la Makumbusho. Ingia kwanza katika msonge wa Wahaya, ambao nyasi zake zimeshuka kutoka kileleni hadi zikagusa ardhi, usimame ndani kwa dakika mbili bila kuwasha tochi ya simu. Macho yakishazoea giza ndipo utakapoona jinsi nafasi ilivyogawanywa, na ndipo utakapohisi ubaridi ambao nyumba zetu za bati haziujui. Kisha nenda kwenye tembe la Wagogo, lenye paa bapa la udongo, ulinganishe: Wahaya wanajengea nchi ya mvua nyingi, Wagogo nchi ya jua kali na upepo. Usiharakishe kuzimaliza nyumba zote, kwa kuwa tatu zilizotazamwa vizuri zinafundisha zaidi ya kumi zilizopigwa picha tu. Ukiwa raia, beba kitambulisho chako, kwa sababu viingilio vya makumbusho hutofautiana kati ya raia na mgeni.

Siku ya pili iwe ya mjini kati, na ifanyike kwa miguu. Ni vyema iwe Jumapili, kwa kuwa siku za kazi magari na wachuuzi hawakuachii nafasi ya kuinua kichwa na kutazama majengo. Shuka Kivukoni, mwisho wa mabasi ya mwendokasi, mapema kadiri uwezavyo, kisha uende kwanza soko la samaki la Feri kabla jua halijapanda. Vaa viatu vya kufunga visivyoteleza, maana sakafu ina maji ya samaki muda wote, na kandambili zitakuaibisha mbele za watu. Simama kando ya mnada, mahali ambapo huwazibii njia wabebaji, utazame dalali anavyofanya kazi: samaki wanamwagwa chini, changu na vibua kwa mafungu, kolekole na jodari mmoja mmoja, dalali anataja bei ya kuanzia, na wanunuzi wanapandisha kwa ishara ndogo ya kidole au nyusi ambayo mgeni haioni kabisa. Niliwahi kujikuna pua wakati usiofaa, na dalali akanigeukia kuniuliza kama fungu lile la vibua nimelichukua. Mama mmoja mkaanga samaki aliyekuwa karibu nami aliniokoa kwa kulinunua yeye, huku akicheka. Baada ya mnada nunua samaki wako kwa bei ya rejareja, uwape vijana wanaopaa samaki, kisha upeleke kwenye vikaango. Hiyo ndiyo staftahi ya siku.

Angalizo moja: eneo hilo liko jirani na Ikulu na mlango wa bandari. Usipige picha kuelekea majengo ya serikali, pantoni au vyombo vya ulinzi, na kwa wavuvi omba ruhusa kwanza.

Kutoka hapo fuata barabara ya ufukweni ukiwa na maji ya bandari mkono wako wa kushoto. Utapita Kanisa la Kilutheri la Azania Front, kazi ya Wajerumani ya mwishoni mwa karne ya 19, kisha Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Yote mawili yanajulikana, na sitakuchelewesha hapo. Majengo yanayonivuta zaidi ni mawili yaliyo mbele kidogo, ambayo watu wengi wanaokimbilia boti ya Zanzibar huyapita bila kuyatupia jicho.

La kwanza ni jumba linaloitwa Atiman House, lililoanza katika zama za Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, na baadaye likawa mali ya mapadri wa White Fathers. Atiman ambaye jina lake limewekwa hapo alikuwa mtoto wa Afrika Magharibi aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa udaktari Malta, kisha akatibu wagonjwa kwa miongo mingi huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mtu aliyevuka bara zima ili kuwatibu Wafipa na majirani zao anastahili, nadhani, walau dakika moja ya msafiri aliyesimama kivulini.

La pili ni Boma la Kale, karibu na gati la boti za Zanzibar, lililojengwa 1866 hadi 1867. Majid aliamua kujenga mji mpya kando ya kijiji cha Mzizima, na jengo hili ni kati ya machache ya wakati wake yaliyosalia. Alipofariki 1870 mji ulizorota, hadi Wajerumani walipohamishia hapa makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kabla ya kuingia, gusa ukuta. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, na mahali ambapo lipu imebanduka utaona alama za viumbe vya baharini ndani ya jiwe lenyewe. Tazama pia unene wa ukuta huo kwenye fremu za madirisha, kisha utaelewa kwa nini ndani kunakaa baridi bila feni. Humo kuna maonesho ya historia ya ujenzi wa jiji, yenye picha za zamani, na nashauri uyatazame mapema katika matembezi yako na si mwishoni, kwa sababu ukishaona ramani za Wajerumani na Waingereza utayasoma majengo ya nje kwa macho mengine.

Rudi kwa Barabara ya Samora hadi Mnara wa Askari, uliozinduliwa 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Watu wengi huutumia kupangiana miadi tu. Zunguka utafute maandishi ya Kiswahili yaliyo chini yake, uyasome polepole, kisha utazame bayoneti inakoelekea: bandarini. Ukiwa bado na nguvu, endelea hadi Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani 1893, jirani na Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert. Ni bustani ndogo na imechoka kidogo, lakini kivuli chake mchana wa Februari ni dawa.

Siku ya tatu panda mwendokasi kuelekea Kariakoo. Jina hili ni Kiingereza kilichotiwa ulimi wa Kiswahili, kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita hivyo hivyo vya askari wa mnara. Kwa hiyo ziara ya jana na ya leo ni hadithi moja. Wengi hudhani hakuna cha kutazama Kariakoo ila bidhaa, ilhali soko kuu lenyewe ni kazi ya Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, na lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970. Moto wa Julai 2021 uliliunguza, likahitaji ukarabati. Tafuta mahali pa kusimama ng'ambo ya barabara, utazame paa lake lililoundwa kwa vipande vyenye umbo la mwavuli uliogeuzwa juu chini, kisha uingie. Simu iwe mfuko wa mbele.

Kutoka Kariakoo ni mwendo mfupi hadi Magomeni, ilipo nyumba ambayo Mwalimu Nyerere aliijenga baada ya kuacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955, alipotakiwa kuchagua kati ya darasa na siasa. Sasa ni makumbusho. Usitarajie makubwa: ni nyumba ya kawaida ya mtaani, na udogo wake ndio unaoifanya istahili kutazamwa. Ukifika mtaani uliza "nyumba ya Mwalimu", wazee watakuelekeza bila hata kunyoosha kidole mara mbili.

Kituo cha Morogoro Stores, upande wa Oysterbay, nitakipitia kwa haraka, ingawa kinastahili saa nzima. Hapo ndipo Edward Said Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 kuchora wanyama kwa rangi za kung'aa juu ya mbao za dari. Alifariki 1972, lakini waliojifunza kwake na wanafunzi wa wanafunzi wao bado wanachora hapo katika ushirika wao. Kaa karibu na mchoraji mmoja uone anavyosubiri rangi ya chini ikauke kabla ya kuweka madoa ya chui. Ukitaka kununua, nunua kwa uliyemwona akichora.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni Kunduchi, na hapa nitakaa kidogo. Panda gari la Tegeta, ushuke Mtongani, uchukue bajaji kuelekea pwani. Ukiuliza "magofu" huenda dereva akakutazama tu. Uliza "makaburi ya zamani". Utakuta msikiti ulioanguka, na pembeni yake, chini ya mibuyu, makaburi ya karne ya 18 yenye nguzo ndefu za mawe na chokaa. Sogelea nguzo moja, uitazame kuanzia chini kwenda juu. Utaona vishimo vya duara, vilivyo laini ndani kama kitako cha bakuli. Humo ndimo zilimopachikwa sahani za kaure kutoka China, zilizokuja kwa majahazi ya biashara, ili kila apitaye ajue kwamba aliyelala hapo alikuwa mtu wa mali na wa bahari. Nilipoingiza kidole katika kimojawapo, chokaa ilikuwa bado inashikilia mviringo wa sahani isiyokuwapo.

Hayo ni makaburi, kwa hiyo vaa mavazi ya heshima, usipande juu ya kuta na usiokote kipande chochote, hata kigae kidogo kama kucha. Nenda asubuhi au alasiri. Mara ya kwanza nilikwenda saa saba mchana bila maji ya kunywa, nikatazama kwa robo saa tu, nikakimbilia kivuli cha duka. Mtunzaji akiwapo, mwombe akuongoze na umlipe kinachostahili kwa risiti.

Ukimaliza mapema unaweza kuvuka kwenda kisiwa cha Mbudya, ambacho ni hifadhi ya bahari na kina kiingilio chake. Kabla ya kupanda boti uliza mambo mawili: kama kuna majaketi ya kuokolea, na maji yanajaa saa ngapi. Siku za bamvua bahari hupanda na kushuka sana, na nahodha anayeijua kazi yake atakupangia saa ya kurudi kabla hujamuuliza. Asiyejua jibu, usipande boti yake. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, iache bahari kabisa na uende siku hiyo katika msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, ukiwa na mwongoza njia na viatu vya kukanyagia matope. Ila uanze kurudi kabla ya saa 10 jioni, kwani foleni ya Gongo la Mboto haina huruma na aliyetoka matembezini.